Ndimu Iliyovuka Kiwango

Nchi yenyewe haina haja ya kutajwa. Wenyewe wanaitaja vya kutosha redioni, asubuhi, mchana na jioni, na kila wakiitaja huongeza neno "tukufu", kwa hiyo anayetaka kuijua afungue redio yake. Ni nchi ya kawaida tu, yenye bendera, mashimo barabarani, na Waziri wa Mapato mwenye vyeo vingi kiasi kwamba mshereheshaji huletewa maji ya kunywa kabla hajamaliza kumtambulisha. Kwa ufupi aliitwa Mheshimiwa Profesa Luteni Kanali Mstaafu Mpelumbe.

Mwaka ule serikali ilitangaza Kiwango. Habari yenyewe ilikuwa nyepesi: mfanyakazi ambaye pato lake la mwezi halizidi kete elfu moja hakatwi kodi. Ingeweza kusemwa mtu akiwa anavuka barabara. Lakini serikali ile haikuwa na desturi ya kusema jambo jepesi kwa wepesi, basi uwanja wa mpira ukapambwa, wafanyakazi wakaletwa kwa malori, wakakatwa fedha za fulana za kushukuru, wakapangwa juani kwa mistari.

Mwanahawa binti Sefu alikuwa mstari wa mbele. Hakuutafuta. Kiwanda chao cha kushona sare ndicho kilichopewa mstari huo, naye alikuwa mfupi, wakamsukuma mbele apate kuonekana kwenye televisheni. Miguu ilikuwa inamuuma na ndoo zake za maji zilikuwa bado tupu nyumbani.

"Ndugu wananchi," alisema Waziri baada ya kuwatambua wageni waalikwa, wake za wageni waalikwa, na waliotuma udhuru, "serikali yenu imewapa. Imewapaje? Imewapa kwa kutowachukulia. Niambieni, ni serikali ngapi duniani zinazoweza kusimama mbele ya watu wake na kuwahesabia yale ambayo hazikuyachukua?"

Watu wakapiga makofi. Kupiga makofi kulileta upepo kidogo.

Mama mmoja mnene aliyekuwa nyuma ya Mwanahawa, mfagiaji wa soko, akapaza sauti kabla askari hawajamfikia. "Na mtu akivuka hicho Kiwango, mheshimiwa, inakuwaje?"

Waziri akatazama karatasi yake, akaigeuza upande wa pili, akairudisha. Halafu akainua kichwa kwa uso wa baba mwenye huruma.

"Asivuke," akajibu.

Makofi ya safari hii yalikuwa marefu kuliko yote. Mwanahawa naye alipiga, na neno hilo moja ndilo alilorudi nalo nyumbani.

*

Kazi ya Mwanahawa ilikuwa kushona mifuko. Si nguo nzima, mifuko tu, ya sare za maafisa wa Idara ya Mapato. Kila mwaka agizo lilikuja likitaka mifuko iwe mikubwa kidogo kuliko ya mwaka uliopita, naye alishona kama alivyoagizwa, kwa kuwa mshonaji haulizi mfuko utatiwa nini. Kwa kazi hiyo alilipwa kete mia tisa tisini na nane kwa mwezi. Alikuwa mjane mwenye watoto watatu, na kila mwezi kete mia moja za mwanzo zilikuwa za unga, hata kabla ya kodi ya chumba.

Mhasibu wa kiwanda ndiye aliyewaeleza maana ya kuvuka. Aliwakusanya wakati wa chai, akasema kwa sauti ya chini, kama anavyosema mtu anayejua mambo. "Ukizidisha hata kete moja juu ya elfu, wanakata mshahara wote. Kuanzia kete ya kwanza. Kumi katika kila mia."

Wakamuuliza kayajuaje. Akasema shemeji yake alikuwa na mwenyeji ndani ya Idara. Baadaye ilijulikana kwamba shemeji huyo aliingia Idarani mara moja tu, kuuliza choo kilipo, lakini kufikia hapo kila mtu alikuwa ameshamwambia mwenzake, na jambo lililosemwa na watu wengi vile haliwezi kufutwa na choo.

Mwanahawa alipiga hesabu kichwani. Kumi katika kila mia ni mia nzima ya kete. Unga wa mwezi. Hakuhitaji kuelezwa zaidi.

Mwenye kiwanda, Bwana Ubwa, aliipenda sana habari ile. Kwa miaka mingi alikuwa akitafuta sababu ya kutoongeza mishahara, na sasa serikali ilimpa moja iliyo safi. Ila siku moja, labda alikuwa amelala vizuri, akatangaza kwamba atawaongeza kete tatu kila mmoja. Kiwanda kizima kikasimama. Wafanyakazi wakatoka nje na mabango yaliyoandikwa HATUTAKI NYONGEZA, wakaimba mpaka sauti zikakauka, na Mwanahawa alishika upande mmoja wa bango kubwa. Siku ya pili Bwana Ubwa akasalimu amri. Aliwaambia, huku akifuta jicho, kwamba hawezi kuwaumiza watu wake, nao wakamshukuru na kurudi kwenye cherehani zao.

*

Chumba cha Mwanahawa kilitazamana na kijumba cha Mzee Shomari. Huyu alikuwa mpiga tarumbeta wa bendi ya serikali. Aliwapigia mawaziri saba walipoapishwa na watano kati yao walipozikwa, kisha akastaafu, na tangu hapo kiinua mgongo chake kilikuwa kinashughulikiwa. Hakuwa na mke wala mtoto. Alikuwa na tarumbeta, kiti cha kamba, na mndimu mmoja mlangoni uliozaa kwa shida.

Mtaani kwao palikuwa na desturi, kama ilivyo mitaa mingi yenye watu: ukipika kitu, jirani anapata. Sahani inafunikwa kwa kawa la ukili, inavuka njia, na ikirudi hairudi tupu. Si lazima kirudi kitu cha maana. Mboga ya mnafu kiganja kimoja, kipande cha muhogo, hata chumvi. Sahani tupu ni ya kumrudishia mtu uliyekosana naye.

Kila Ijumaa Mwanahawa alimpelekea mzee wali, na siku nyingine chochote kilichokuwepo. Kusema kweli, kile ndicho alichokuwa akila mzee yule, na wote wawili walilijua hilo na hawakulitaja. Sahani za siku za kawaida zilirudi na jani la mchaichai kutoka uani. Ya Ijumaa ilirudi na ndimu moja, iliyooshwa na kufutwa. Ndimu hiyo ndiyo iliyomwezesha mzee kufungua mlango Ijumaa inayofuata bila kuinamisha kichwa.

Mwanahawa aliipenda ndimu ile kuliko alivyoweza kueleza. Aliikamua kwenye dagaa wa watoto, na maganda akayaweka kwenye maji ya kuoshea mikono. Baba yake alifariki yeye akiwa mdogo, na ila mzee yule hapakuwa na mtu mwingine duniani aliyemwambia "mwanangu".

*

Mthamini alikuja siku ya mapumziko, saa ya chakula, kwa sababu pato huonekana vizuri mtu akiwa anakula. Aliitwa Bwana Kilimba, na cheo chake kilikuwa Mthamini Mwandamizi wa Mapato Yasiyo Dhahiri. Alikuwa amevaa sare ambayo mifuko yake Mwanahawa aliitambua mara moja. Alisalimia kwa adabu, akaomba maji, akanywa, akaketi.

"Mshahara wako tunaujua, mama," alisema. "Mimi nashughulika na yale mengine." Akanusa. "Hii ni ndimu?"

"Ndimu, bwana."

"Umeinunua?"

"Nimepewa na jirani. Nilimpelekea wali."

Bwana Kilimba akachomoa orodha ya bei mfukoni. Sokoni ndimu ilikuwa kete moja, lakini serikali haikuwa inakwenda sokoni. Orodha yake ilitengenezwa na wataalamu kutoka nje, na kwao ndimu ilikuwa kete tatu, pamoja na gharama za meli.

"Nne kwa mwezi," alisema. "Kete kumi na mbili. Ukijumlisha na mshahara unafika elfu moja na kumi. Umevuka, mama."

Mwanahawa akaisogeza sahani yake pembeni. "Na ule wali ninaoutoa mimi? Hamuupunguzi?"

"Kinachotoka ni hiari yako. Kinachoingia ni pato."

"Na kulipa, bwana, nitalipa kiasi gani?"

"Hayo si ya idara yangu," alisema Bwana Kilimba, na alisema kweli. "Mimi nathamini. Anayetoza ni mwingine, yuko ghorofa ya tatu, na ngazi zinakarabatiwa. Lakini mimi si mtu mbaya. Nitapita tena mwisho wa mwezi. Nikikuta hupokei kitu, nitaandika kwamba umerudi chini."

Akashukuru kwa maji. Alisisitiza kwamba maji hayo ameyathamini na hayatahesabiwa pato la Mwanahawa, kwa kuwa yalitoka.

*

Siku kadhaa Mwanahawa alitafuta namna ya kulisema jambo lile. Hakuipata. Ijumaa akavuka njia na sahani yake, akapiga hodi.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Leo umetia nazi, naisikia tangu huko."

"Mzee," alisema Mwanahawa, akitazama chini, "nina ombi. Leo sahani irudi tupu."

Mzee Shomari alikuwa ameshaipokea. Akaiweka juu ya kiti taratibu. "Nimekukosea?"

"La, mzee wangu. Ni serikali. Ndimu inanivusha Kiwango. Watakata mshahara wote, na watoto hawatakula." Akamweleza yote, habari za orodha, meli na ghorofa ya tatu. Mzee alisikiliza hadi mwisho. Alikuwa mtu wa serikali maisha yake yote, mambo ya namna ile hayakumshangaza.

"Mimi siwezi kurudisha sahani tupu," alisema. "Nikirudisha tupu, hicho ulicholeta si chakula cha jirani tena. Ni sadaka. Bado sijawa mtu wa sadaka."

"Najua, mzee."

"Ngoja nifikiri."

Akafikiri. Jioni ile Mwanahawa aliona sahani mlangoni kwa mzee, tupu, na kabla hajaumia moyoni akasikia tarumbeta. Mzee Shomari alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha kamba akipiga wimbo wa kumpokea waziri, ule wa heshima kamili, akimpigia yeye. Watoto walitoka nje kucheza. Majirani walisimama milangoni wakitabasamu. Mwanahawa alisimama wima huku sahani iko mkononi, akalia kidogo. Kwa wiki tatu mambo yakaenda hivyo: wali unakwenda, wimbo unarudi.

Mwisho wa mwezi Bwana Kilimba akapita kama alivyoahidi. Akauliza kwa nini mtaa una furaha. Mtoto mmoja akamwambia.

"Burudani ya moja kwa moja," alisema Bwana Kilimba kwa masikitiko ya kweli, akitafuta ukurasa. "Mpigaji wa daraja la kwanza, mwenye uzoefu wa kitaifa. Kete arobaini kwa wimbo. Mama, ungebaki na ndimu."

*

Bwana Kilimba alimwongezea mwezi mmoja wa kurudi chini, na hapakuwa na la kufanya. Mzee Shomari alikuja mwenyewe kusema, na ilikuwa mara yake ya kwanza kuvuka njia ile kuja upande wa pili. Alisema tarumbeta ameifunga kwenye kitambaa. Alisema chakula asipelekewe tena, yeye ana mambo yake. Mwanahawa alimsihi, akamwambia atakuwa analeta tu, hana haja ya kurudisha chochote. Mzee akatikisa kichwa.

"Watoto wako kwanza," alisema. "Mimi mtu mmoja."

Asubuhi moja Mwanahawa akiwahi kazini alisikia shoka. Mzee alikuwa anakata mndimu. Mikono haikuwa na nguvu na kazi ilimchukua muda mrefu. Alipoulizwa na majirani alisema mti ukiwepo yeye anashawishika, na si vizuri mtu mzima kuvunja sheria ya nchi yake.

Wali wa Mwanahawa uliendelea kuivuka njia, maana hakuweza kumwacha alale na njaa. Lakini mzee hakufungua mlango. Mwanahawa alikuwa anaiweka sahani kizingitini na kuondoka. Siku nyingine chakula kilikuwa kimeliwa, siku nyingine kimeliwa na paka, na vyovyote vile sahani aliikuta palepale, tupu. Mzee alikonda. Mwanahawa alichoka kwa uchovu usioondoka kwa kulala, akashona mifuko, akashona mifuko.

*

Mwaka ulipozunguka ikaja tena Siku ya Kushukuru Kiwango, na safari hii Mwanahawa hakusimama juani. Taarifa ya Bwana Kilimba ilikuwa imepanda ngazi zote, hata zile zinazokarabatiwa, ikimtaja kama mwananchi wa kwanza aliyevuka Kiwango na kurudi chini kwa juhudi zake mwenyewe. Wakamtangaza Mfanyakazi Bora wa Chini ya Kiwango. Akakalishwa jukwaani kwenye kiti chenye kitambaa, kando ya mzee mmoja wa mvi mwenye miwani, aliyekuwa anasinzia wakati Waziri anawatambua wageni.

"Wewe ndiye wa ndimu?" aliuliza yule mzee wa mvi, akizinduka.

"Ndiye mimi, bwana. Nawe nani?"

"Mimi naitwa Pazi. Naandika sheria. Hii ya Kiwango niliiandika mimi." Akapiga miayo kwa nyuma ya kiganja. "Nilisoma taarifa yako. Sikuielewa. Kwa zile ndimu ulivuka kwa kete kumi, si ndiyo?"

"Kumi."

"Basi ungelipa kete moja."

Mwanahawa alidhani kelele za bendi zimemchanganya. "Wanakata mshahara wote, bwana. Kuanzia kete ya kwanza."

"Nani kasema?" Bwana Pazi alimtazama kwa mshangao mchovu. "Elfu ya kwanza haiguswi. Haiguswi kwa mtu yeyote, awe wewe, awe Waziri. Kinachokatwa ni kile kilichozidi, na katika kilichozidi ni kumi katika mia. Umezidisha kumi, unalipa moja. Iko wazi, ibara ya nne."

"Mbona hamkusema?"

"Ilikuwemo kwenye hotuba. Hotuba ikawa ndefu, walipunguza ili waweze kuwatambua wake za wageni waalikwa. Waliona ile ni sentensi isiyo na makofi." Akavua miwani, akaifuta. "Halafu hakuna aliyeuliza."

Aliuliza yule mfagiaji wa soko, alitaka kusema Mwanahawa, lakini mawazo yalikuwa yameshafika kwa mzee. Alikuwa anaona shoka. Kete moja kwa mwezi. Kete moja ilikuwa bei ya ndimu moja sokoni kwao.

"Zilikuwa nne," alisema hatimaye, na hakuwa anamwambia mtu. "Ningewapa moja. Zingebaki tatu."

"Naam," alisema Bwana Pazi kwa upole. "Hesabu yako ni sahihi."

Wakamwita jina. Waziri alimshika mkono, akamgeuza kuelekea kwenye kamera, akamkabidhi zawadi: sahani kubwa ya bati yenye picha ya Mheshimiwa mwenyewe katikati, akitabasamu. Bwana Kilimba alikuwepo karibu, akahakikisha kwamba ni tupu.

*

Ijumaa iliyofuata Mwanahawa alipika wali wa nazi, akautia kwenye sahani ile ya bati kwa kuwa ndiyo iliyokuwa kubwa, akaufunika kwa kawa, akavuka njia. Safari hii hakuiweka kizingitini. Alipiga hodi mpaka mlango ukafunguka.

Mzee Shomari alisikiliza akiwa ameegemea mlango. Mwanahawa alimwambia kila kitu, ibara ya nne na wake za wageni waalikwa. Alipofika kwenye kete moja, mzee akageuza uso kuelekea pale palipokuwa na mndimu. Kisiki kilikuwa kimekauka.

"Moja," alisema.

"Moja, mzee wangu. Unaweza kurudisha chochote sasa. Hata tarumbeta. Nitalipa."

"Vizuri," alisema mzee. "Vizuri, mwanangu. Asante kwa chakula."

Asubuhi Mwanahawa aliamka mapema, akafungua mlango. Sahani ilikuwa kizingitini kwake, kawa limewekwa sawasawa juu yake. Alichuchumaa, akaomba iwe hata chumvi, hata jani. Akafunua. Sahani ilikuwa imeoshwa vizuri na kufutwa, na ndani yake hapakuwa na kitu, ila Mheshimiwa akitabasamu.